Mwari Asiye na Harusi

Mjukuu wangu ana kitabu anansomea jioni, mie nnatunga asumini. Cha binti mfalme aliyefichwa, ana uchawi mikononi, akigusa maji yanaganda, akigusa mti unachanua. Anakisoma kwa sauti ile ya watu waliosoma, ya kupitia puani kidogo, "Ndipo binti mfalme alipogundua nguvu zilizokuwa ndani mwake," na mie nnacheka mpaka sindano inanchoma. Ananuna. "Bibi, hapa si pa kuchekesha." Nkamwambia, wewe soma tu, mie nnamcheka aliyeandika, maana kaandika kama mtu asiyepata kukaa naye nyumba moja. Binti mfalme aliyefichwa hagandishi maji. Anakula mihogo yako, anakusukuma ukalale ukutani, na ukiamka asubuhi keshakuibia sauti.

Akafunga kitabu. "Nani kakuibia sauti, Bibi?"

Basi nilomwambia ndo haya.

Tulikaa Kiponda, mie na Bibi yangu mzaa mama, nyumba nyembamba imebanwa na wenzake huku na huku kama kizee kwenye foleni ya mchele. Chini ukumbi na jiko, juu chumba kimoja. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na ya pili hayajaja. Shule sikwenda, chuoni kusoma Kurani nilikwenda nikitaka, kwa sababu Bibi alikuwa na kazi na kazi yenyewe ilitaka mikono midogo. Alikuwa somo, mtunza wari. Msichana akiposwa, siku zake zikikaribia, anatiwa ndani. Jua halimuoni, mwanamume hamuoni, anasingwa asubuhi na jioni, anasuguliwa mwili mzima kwa singo ya liwa na mawaridi na dalia, mpaka ngozi inakuwa kama yai lililochemshwa likamenywa. Huyo ndo mwari. Wengi walisingwa kwao, lakini wale ambao kwao kumejaa kaka na wajomba, au wametoka shamba, waliletwa kwetu, na chumba cha juu kilikuwa chao. Hakuna mwanamume aliyepata kupanda ngazi ile tangu babu kufariki. Hata fundi wa dari alingojeshwa mpaka mwari aondoke, na mvua ikatunyeshea mpaka kwenye mtungi wa kunywa.

Mie nilisaga liwa, nilichambua maua, nilipandisha maji. Wari niliwajua. Mwari anakuja analia, anaondoka ananukia. Siku yake ikifika wanawake wa mtaa wanakuja na vigelegele, wanamfunika kanga, wanamrudisha kwao kuolewa, na mie napata singo iliyobaki na kipande cha halua. Kila mwari ana harusi yake, kama kila chungu kina mfuniko.

Huyu mmoja hakuwa nayo.

Aliletwa asubuhi na mama yake, kavaa buibui mbili, moja juu ya moja. Na mama hakulia kama mama wa mwari. Alimshika Bibi miguu. Mtu mzima, pale ukumbini penye maganda ya mihogo. Bibi akamwambia kwa sauti yake ile nzito, ya mtu aliyemeza kinu na mchi wake: "Inuka, mwanangu. Nilikusinga wewe, ntamsinga na huyu. Nenda zako, na usije tena mpaka nikwite." Mama akenda, hakutazama nyuma.

Nkauliza, "Bibi, harusi yake lini?"

"Mungu akipenda."

"Anaitwa nani?"

"Anaitwa Mwari."

"Mwari nani?"

"Mwari Nyamaza."

Nyie wa rika langu mnaijua miaka ile, sina haja ya kuwafunza. Mkubwa mmoja wa serikali, jina lake silitaji, kaburi halina mdomo wa kujibu, alimuona msichana huyu kwenye gwaride la skuli akamtaka. Baba yake alikuwa mpika halua. Akasema mwanangu bado mdogo, na mwenyewe hataki. Kwa neno hilo sufuria ya halua ikapoa na baba akafungwa. Msichana akawa anatafutwa nyumba kwa nyumba, akipatikana anaozwa siku hiyo hiyo, atake asitake. Hayo niliyajua nshakuwa mkubwa. Wakati ule hakuna aliyenambia kitu, na mtoto asiyeambiwa kitu hujiambia mwenyewe.

Nlichojiambia ni hivi. Bibi alikuwa na hadithi ya binti mfalme aliyefungiwa chumba cha juu kabisa ili zimwi lisisikie harufu yake. Zimwi lilipita mlango kwa mlango likinusa. Mimi nkamtazama Mwari wetu: kafungiwa juu, kapakwa manukato mpaka harufu yake mwenyewe haisikiki, mama yake kamshika Bibi miguu, na harusi haina siku. Sasa ungenambia nini? Nkamfuata Bibi jikoni. "Bibi, kumbe Mwari ni binti mfalme."

Alinziba mdomo kwa mkono uliojaa liwa, nkaimeza. Akanong'ona, na Bibi akinong'ona ni kama mtu anayeburura kitanda: "Neno hilo ulizike hapa hapa. Mji huu watu wamepotea kwa neno dogo kuliko hilo. Hatuna wafalme sisi, tuna serikali."

Nkajua nimepatia.

Siku za mwanzo hakusema kitu. Alikaa nyuma ya dirisha la mbao, limefungwa, amelaza sikio kwenye ubao. Nilipompelekea chai alichukua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, basi. Nkasema hawa ndivo walivo, watoto wa wafalme, mdomo wao mzito.

Halafu asubuhi moja nnachambua mawaridi kwenye ngazi nkamsikia muuza kahawa. Si uchochoroni, juu, ndani ya chumba chetu, na vikombe vyake vinalia, cheng'e cheng'e, na ule mguno wake wa goti bovu akiinama kumimina. Nkashituka, mwanamume kapandaje? Kabla sijainuka akaingia yule bwana wa dukani anayegawa mchele: "Umekwisha. Msinitazame mie, sikuula mie. Rudini kesho, na kesho msije mapema." Halafu Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mtumbatu, anayesema na mtu wa chumba hiki kama yuko kisiwa cha pili: "Weee, somo, nazi hiyo umeikuna au umeikwangua tu?" Wote humo, pamoja. Nkapanda mbio nkasukuma pazia.

Mwari peke yake, kakaa chini, magoti kayakumbatia.

"Wamekwenda wapi?" nkamuuliza.

"Nani?"

"Watu."

Akanitazama sana. Nadhani tangu aje ndo mara ya kwanza kunitazama. Akaweka kidole kwenye koo lake. "Wamo humu," akasema.

Ndo uchawi wake huo. Leo najua kuwa mtu aliyefungiwa dirisha hutazama kwa masikio, na yeye alikuwa na masikio Mungu aliyoyachonga kwa makusudi. Lakini mie niliona wazi kwamba anazichukua sauti za watu kupitia ule ubao na kuzihifadhi kooni, kama sisi tunavyohifadhi marashi kwenye mrashi. Sikuogopa. Niliona fahari. Nyumba nyingine zina saa ya ukutani, yetu ina binti mfalme anayekusanya sauti.

Niliogopa baadaye, Bi Tatu alipokaukwa na sauti.

Bi Tatu ndiye aliyekuwa mwenye vigelegele vya mtaa. Harusi bila ya Bi Tatu ilikuwa kama matanga. Siku moja akaja kwetu kuazima kinu, anafungua mdomo, unatoka upepo. Mafua yamemshika. Bibi anamuuliza kitu, yeye anajibu kwa mikono. Mie nkawa nshaelewa. Nkapanda juu nkapiga magoti. "Mwari, mrudishie Bi Tatu sauti yake. Kesho kuna harusi Malindi, kaalikwa, atakwenda kupiga nini, atakwenda kupiga makofi?"

Mwari akaziba mdomo. Mabega yanamtikisika. Nkadhani analia kwa kuwa hataki kuirudisha. Kumbe. Alipojipata akakunja uso, akafanya sauti ya mwalimu wa chuoni: "Ntamrudishia. Ila sauti hairudi kwa miguu, inabebwa. Chukua tangawizi, iponde, ichemshe na asali. Mpelekee, na njiani usiseme na mtu."

Nikaibeba kile kikombe kwa mikono miwili, uchochoro mzima nimeuma midomo. Bi Tatu akanywa. Asubuhi tukamsikia kupitia ukutani, anamgombeza kuku. Nkapanda juu nkambusu Mwari mkono kama anavyobusiwa sharifu.

Tangu siku ile tukawa marafiki. Mwari hana kazi ila kuoga na kunukia, na mie nikimaliza kusaga nilikuwa kwake. Alinifundisha, au alijaribu. "Sauti haikai mdomoni," alinambia. "Bi Tatu sauti yake iko kiunoni, msikilize akiinama inavyobadilika. Muuza kahawa, yake iko kwenye goti. Mtafute mtu anapoumwa, utampata." Mie nikijaribu, mwanya wangu unavujisha, kila mtu anatoka kama mtoto mwenye kithembe. Akawa anacheka. "Wewe bado. Ngoja mlango wako utiwe ubao."

Mtu mmoja tu alikuwa hamfanyi, hamuigi. Nilimwomba, nkambembeleza: mfanye Bibi. Akakataa, uso umembadilika. "Bibi simfanyi. Nakula chakula chake." Na kweli, sikumsikia akimfanya hata mara moja.

Alikaa tangu mvua za vuli mpaka jua kali la kiangazi. Mwari gani anasingwa muda wote huo? Angesingwa hivo mwari wa kweli angelikwisha kama sabuni. Nilimsikia akilia mara moja tu, mchana, ameziba uso kwa mto. Nilimuuliza Bibi kama zimwi liko karibu. Bibi akasema, "Liko kazini."

Siku walipokuja, Bibi alikuwa kenda Kidichi kwa nduguye kufuata maua ya kilua na mkadi. Mlango aliuacha wazi kama kila mchana. Mlango wa somo haufungwi mchana, ukifungwa ndo watu wanauliza. Alinambia nikae ukumbini nisage, na mtu akija nimwambie Bibi hayupo.

Walikuja wawili. Mmoja akabaki barazani. Mwengine akaingia, mtu wa makamo, kanzu safi, kofia ya kushona, sura ya mtu anayeweza kuwa mjomba wako.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi yuko?"

"Bibi hayupo. Kenda Kidichi."

"Na wewe uko na nani?"

"Peke yangu."

Basi na mimi sijamaliza neno, juu kopo la maji likaanguka. Likabingirika. Likachukua wakati wake wote kabla ya kutulia.

Bwana akainua macho. "Na huyo nani?"

"Paka."

"Paka wenu anakunywa kwa kopo?"

Akavua viatu, hilo ntamsifia, akavua viatu vyake vizuri akavipanga, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Nani huyo anapanda ngazi yangu?"

Wenzangu, nilijikojolea. Sauti ya Bibi. Sisemi inayofanana na ya Bibi, ya Bibi mwenyewe, ile iliyomeza kinu na mchi wake, na kile kikohozi chake mwishoni cha kusukuma kitu kisichotoka.

Bwana akasimama na mguu wake pale pale. "Ni sisi, bibi, tumetumwa. Mtoto kasema umekwenda Kidichi."

"Mtoto kasema. Mtoto huyo hata meno hana, utachukua maneno yake? Nilikwenda, nimerudi, nimepita mlango wa nyuma. Au nikitaka kuingia nyumbani kwangu nije kwanza kukuomba ruhusa?" Kikohozi. "Nna mwari humu hana hata uzi, kapakwa singo tangu utosi mpaka kucha. Panda basi. Panda, baba, uje umtazame mke wa mwenzio."

"Bibi, sisi kazi yetu..."

"Mama yako nani?"

Bwana akageuka kumtazama mwenzake wa barazani.

"Nakuuliza vizuri, mwanangu, mama yako nani? Wanawake wa mji huu unaowaona wamejifunika, mimi nimewasinga mmoja mmoja. Pengine na mama yako nimemsinga. Pengine mimi nilimjua alivyo kabla ya baba yako. Litaje jina lake hapo chini kwa sauti na mwenzako wa nje asikie, nami ntakujibu nnachokumbuka."

Nlimuona yule bwana akiutazama mguu wake kama wa mtu mwengine. Akaushusha. Na mie hapo nshaangua kilio, nimekwisha, kwa sababu nimemwambia mtu mzima kuwa Bibi hayupo na Bibi yupo, na Bibi uwongo hakuusamehe. Nkapiga kelele kuelekea juu, "Bibi nisamehe, nilikuona unakwenda, wallahi nilikuona, ulikwenda na kikapu!" Kamasi, machozi, mkojo, vyote.

Bwana akanitazama. Mtoto aliyefunzwa kusema uwongo halii vile. Ningelijua lolote siku ile ningeliharibu lote. Ujinga wangu ndo uliofunga mlango, na kila nikiukumbuka nasema alhamdulillahi.

"Usimpige mtoto, bibi," akasema, taratibu. Akavaa viatu. Mlangoni akageuka, akaongeza bila ya kuinua macho: "Ijumaa tutapita tena na tutakuja na mwanamke wa kupanda. Mwari wako awe keshaolewa."

Wakaondoka. Nkapanda ngazi kwa mikono na magoti kwenda kuomba msamaha. Nkasukuma pazia. Mwari kakaa katikati ya chumba, amejipaka singo usoni na mikononi. Bibi hayupo.

"Bibi yuko wapi?"

Akaweka kidole kooni.

Nkafahamu, kwa ufahamu wangu. Kamwita Bibi kutoka Kidichi, kamleta, kamrudisha. Hata yule binti wa kwenye kitabu cha mjukuu wangu hafiki hapo.

Alasiri Bibi akaingia na kikapu chake cha maua, jasho linamtoka. Nkampokea kikapu, nkamwambia, "Pole Bibi. Leo umekwenda Kidichi mara mbili."

Bibi akasimama. Akanitazama mie, akamtazama Mwari aliyekuwa keshashuka mpaka nusu ya ngazi. Mwari akapiga magoti pale pale. Akamweleza yote, kila neno, kisha akasema, "Nisamehe, Bibi. Nimekukosea adabu, nimekuiga."

"Na nyumba haina mlango wa nyuma," Bibi akasema.

"Sikukumbuka."

"Ulikohoa?"

"Nilikohoa."

"Kohoa nisikie."

Mwari akakohoa. Bibi akasikiliza hali kainamisha kichwa, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mimi sikohoi hivo," akasema, kisha akakohoa, vile vile, bila ya tofauti hata ya unywele. Wakaangaliana. Bibi akakaa chini kwenye maua yake akamvuta Mwari kifuani, singo na yote, na wakabaki hivo. Halafu akanyanyuka akagonga ukuta mara moja kwa ngumi. "Tatu," akasema, "njoo."

Alhamisi asubuhi walikuja wanawake wa Kiponda. Wote, hata wale waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Kuna aliyekuja na kanga mpya, kuna aliyekuja na chetezo cha udi, Bi Tatu na vigelegele vyake vilivyopona. Na mie nlichoshangaa ni hiki: hawa ni wanawake ambao ukinunua samaki wanakuuliza kavuliwa na nani. Siku ile hakuna aliyeuliza bwana harusi ni mtoto wa nani. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama wa mwari hayupo. Walimfunika Mwari kanga moja, mbili, tatu, wakamzunguka, na hapo ndipo lilipoanza kunijia, taratibu, kama maji yanayopanda kwenye nguo, kwamba walikuwa wanajua. Tangu vuli. Ile mihogo iliyoachwa mlangoni, ile pishi ya mchele iliyopitishwa chini ya buibui wakati madukani hakuna hata punje. Nilidhani watu wanampenda Bibi. Walikuwa wanamlisha binti mfalme.

Tukatoka mchana kweupe, kwa kelele. Bibi alisema kitu kikitaka kufichwa kipigiwe vigelegele. Tukapita vichochoro, wanaume wanapisha, wanageuza nyuso zao ukutani kama ilivyo desturi, mpaka Darajani kwenye gari la shamba la Mkokotoni. Na pale Darajani, kasimama, kanzu safi, kofia ya kushona. Yeye.

Wanawake hawakusita. Sauti ya Bi Tatu tu ndo iliyopanda juu zaidi. Bibi akaenda moja kwa moja kwake, na sasa ndo mara ya kwanza Bibi wa kweli kusema naye. "Shikamoo hukunipa ile siku, baba."

Bwana akamtazama. Akalitazama lile fungu la kanga na miguu iliyopakwa hina chini yake. Mie nimeshika upindo wa buibui la Bibi, nnahisi mwili wake wote unadunda kama ngoma, na uso umetulia kama sinia.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Mwari wangu huyo, namrudisha kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwa watu wanaomtaka kwa wema."

Akasogea pembeni. Akageuza uso wake kuelekea sokoni, akasema, "Mungu amfikishe." Mpaka leo sijui kama mtu yule alikuwa mjinga au alikuwa muungwana. Namwombea kwa yote mawili.

Bi Tatu alipanda naye. Nduguze Bi Tatu walikuwa wakingoja Mkokotoni kumvusha Tumbatu, na kutoka huko bara. Wakati wanampandisha garini, Mwari akaniinamia. Zile kanga zikanifunika na mie, nkawa ndani ya harufu ya mawaridi na giza jekundu. Mtu hajui sauti yake mwenyewe, lakini mie niliijua kwa ule mwanya. "Athante," akanambia kwa sauti yangu, kithembe changu, pumzi yangu. "Athante, binti mfalme."

Gari likaondoka na mie sauti yangu imechukuliwa. Nilikuwa na hakika hiyo. Nilirudi nyumbani sikusema neno, na kesho yake sikusema. Kesho yake hiyo, Ijumaa, walipita watu na mwanamke wao, wakapanda, wakakuta chumba kimefagiliwa na kimefukizwa, wakaniuliza, nkatikisa kichwa. Bibi alidhani nina huzuni. Akanipa halua, nkaila kimya. Nilikuwa sina huzuni, nilikuwa sina sauti, na sikujuta. Nilisema moyoni ameiona nzuri ndo akaichukua. Kama itamsaidia njiani, aitumie.

Bi Tatu hakurudi upesi. Bibi akawa hali chakula. Anakaa ukumbini na jiwe la liwa mbele yake, hasagi, anasikiliza uchochoro. Kila viatu vikipita shingo inanyooka. Nilielewa kuwa kuna kitu kinangojwa, na kwamba kisipokuja vizuri, Bibi ataanguka hapo hapo na jiwe lake.

Akaja mchana mmoja, Bi Tatu, na pweza mkavu begani kama mtandio. Hata hodi hakupiga. "Kavuka," akasema. Na yeye kwa mara ya kwanza maishani mwake kasema kwa sauti ndogo. "Kafika bara. Yuko kwa watu."

Bibi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mikono imelala mapajani, machozi yanashuka yanaingia kwenye liwa, na yeye, bingwa wa maneno, hana hata moja. Sikupenda kumuona hivo. Nilitaka mtu amsemeshe, amgombeze, arudi kuwa Bibi. Nkafungua mdomo wangu mtupu, na kilichotoka, sikukiita, kilitoka kiunoni, kizito, na mchi wake:

"Na nyinyi mmekaa kwenye ukumbi wangu mnalia, mwari wa kusinga mmemuweka wapi?" Na kikohozi.

Bi Tatu akadondosha pweza. Bibi alitazama ngazi kwanza. Akaitazama mpaka juu, kwenye pazia. Kisha, polepole, akanigeukia mie, mtoto wa mapengo, nimesimama na mikono kiunoni.

"Kumbe kakuachia sauti," akasema.

Akanivuta akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Basi ikae," akanambia. "Usiitoe mpaka ukue, na mpaka kuwe na amani ya kuchekea."

Niliikalisha, sikuitoa. Baba yake Mwari alifunguliwa baadaye, akarudi kwenye sufuria yake, na mama yake kila Idi alituletea halua bila ya kusema ya nini. Mimi nilikua, meno yakaja, yakaondoka tena, na wakati wa kuchekea ulipofika sikunyamaza mpaka hivi leo. Mkwe wangu namfanya, sheha wa mtaa namfanya, daktari wa Mnazi Mmoja namfanya na miwani yake. Bibi, aliye chini ya udongo, namfanya kila siku, na kila nikimfanya namwona anainamisha kichwa, anaonja.

Mjukuu wangu akaweka kitabu pembeni. Halafu akanambia kwa sauti yake ile ya puani, "Bibi, mfanye Mwari, nisikie sauti yake ilikuwaje."

Huyo siwezi. Miezi yote ile nimekaa naye, na sauti yake mwenyewe siijui. Nadhani aliificha kuliko zote.